Mcheza Kwao ni Nani? Gillian Welch na Time (The Revelator)

Nilifika kwenye albamu hii kwa kupitia Kericho, na naomba nieleze, maana njia yenyewe inahusika na ninachotaka kusema. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Huyo Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Mississippi aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika mpaka kwenye vilima vile, watu wakasikia sauti ya mtu wasiyemwona, wakalikunjakunja jina lake hadi likakaa vizuri mdomoni, kisha wakamgeuza kiumbe, nusu mtu nusu swala. Baada ya kuusikiliza wimbo ule nikataka kumjua Rodgers mwenyewe. Kutoka kwa Rodgers nikaanza kuwafuata warithi wake mmoja baada ya mwingine, mpaka siku moja nikafungua wimbo wa kwanza wa Time (The Revelator) ya Gillian Welch. Safari ikaishia hapo. Wiki tatu sasa sijasikiliza kitu kingine cha maana.

Kwa wasiomjua: Gillian Welch ni mtunzi na mwimbaji wa Kimarekani, na Time (The Revelator) ni albamu yake ya tatu, iliyotoka mwaka 2001. Nyimbo ni kumi tu. Nasema "yake", lakini kwa kweli jina hilo moja linawafunika watu wawili, Welch na mwenzake David Rawlings. Rawlings anapiga gitaa la solo, anaimba sauti ya pili, anashiriki kutunga, na ndiye mtayarishaji wa albamu. Walirekodi kwenye studio kongwe ya RCA mjini Nashville, ile iitwayo Studio B, ambamo Elvis Presley alirekodi nyimbo nyingi sana enzi zake. Muziki wao watu huuita folk, wengine Amerikana. Mimi ningesema tu ni muziki wa zamani unaotungwa leo.

Hebu tuanze na masikio. Albamu haina ngoma. Haina besi. Haina kinanda wala kikundi cha waitikiaji. Kuna magitaa mawili makavu, mara moja moja banjo, na sauti mbili. Sauti ya Welch ni ya chini, tulivu, haina haraka ya kukupendeza. Ya Rawlings inamfuata juu yake kwa karibu mno, kiasi kwamba mahali pengine huwezi kusema nani kaishia wapi na nani kaanzia wapi. Gitaa lake ni Epiphone ndogo ya mwaka 1935, na ukilisikia utajua kwamba halikutengenezwa ili lisikike tamu. Lina ukavu wa mbao iliyokaa juani. Katika wimbo wa kwanza, "Revelator", anapiga noti ambazo kidogo zinagombana na wimbo wenyewe, kama mtu anayemkatiza mwenzake kwa adabu ili kumwambia kuna jambo hajalisema. Halafu kuna ukimya. Sijui niuelezeje ukimya wa albamu hii. Si ukimya wa chumba kitupu, ni ule wa watu wawili wanaosikilizana. Usione vyaelea, wahenga walisema. Mtu akikwambia haya ni magitaa mawili tu, mwambie ajaribu.

Sasa twende kwenye shauri lenyewe. Tangu albamu yake ya kwanza, Revival ya mwaka 1996, Welch ameandamwa na swali moja: amepata wapi ruhusa? Nyimbo zake zinasikika kama zimetoka kwenye milima ya Appalachia, kwa wachimba makaa na wakulima maskini, watu wa miaka ya 1930. Yeye mwenyewe kazaliwa New York mwaka 1967, kalelewa Los Angeles na wazazi waliomchukua akiwa mchanga, wote wawili wanamuziki waliofanya kazi ya kutunga kwa ajili ya televisheni. Kasoma chuo cha muziki cha Berklee, Boston, ambako ndiko alikokutana na Rawlings. Kwa hiyo wapo wahakiki waliomwambia, kwa maneno mazuri na mabaya, kwamba anaigiza. Mcheza kwao hutuzwa, na wewe binti hapa si kwenu.

Sisi wasomaji wa fasihi ya Kiswahili kesi hii tunaifahamu, ingawa kwetu imekuja kwa mlango wa pili. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kawaida, wapo waliosema hayo si mashairi ya Kiswahili hata kidogo. Yeye alilaumiwa kwa kuliacha umbo la wazee. Welch analaumiwa kwa kulishika. Lakini chini ya lawama zote mbili kuna swali lilelile: umbo hili ni la nani, na nani anagawa funguo? Ndiyo maana albamu hii imenigusa kuliko nilivyotarajia. Nilikuja kusikiliza magitaa, nikakuta mjadala ninaoujua.

Na jibu la Welch limo ndani ya nyimbo zenyewe. Kwenye ubeti wa kwanza kabisa wa "Revelator", msemaji anamwonya mpenzi wake kwamba yeye si yule anayedhaniwa kuwa. Anajiita mwigizaji kabla wewe hujapata nafasi ya kumwita hivyo. Kisha anauliza nani atakayejua ukweli, na anaikabidhi kazi hiyo kwa wakati. Jina la albamu lina mwangwi wa Kitabu cha Ufunuo na wa wimbo wa kale wa injili, "John the Revelator", ambao Blind Willie Johnson aliurekodi mwaka 1930. Yohana wa Patmo kaondolewa kwenye kiti, kakalishwa wakati. Mfunuaji ni miaka. Na mbele kidogo, kwenye wimbo huohuo, msemaji anataja kurudi California. Yaani hajifichi. Anakwambia kwao ni wapi, halafu anaendelea kuimba.

Wimbo wa pili, "My First Lover", unafanya jambo lilelile kwa njia nyingine. Anapiga banjo, kwa mtindo ambao sikio linaupeleka moja kwa moja milimani. Lakini anachokumbuka ni kijana wa kwanza aliyempenda, na wimbo wa Steve Miller unaochezeka chumbani. Banjo ya mababu, kumbukumbu ya binti wa California wa santuri za roki. Mtu anayeigiza maisha ya mwingine angeificha santuri hiyo. Welch anaiacha izunguke.

Lakini nguzo ya albamu, kwa maoni yangu, ni tarehe moja: Aprili 14. Ina nyimbo mbili, "April the 14th Part I" na "Ruination Day Part 2", zimetenganishwa na nyimbo nyingine mbili katikati. Usiku wa Aprili 14, 1865, Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi. Usiku wa Aprili 14, 1912, meli ya Titanic iligonga mwamba wa barafu. Na Aprili 14, 1935, ilikuwa Jumapili Nyeusi, siku ambayo dhoruba kubwa ya vumbi ilifunika nyanda za Oklahoma na Texas mpaka mchana ukawa usiku, na familia nyingi za wakulima zikafungasha kuelekea California. Hayo matatu yametokea kweli, tarehe moja, miaka mbalimbali. Mtunzi wa kawaida angeishia hapo, maana kalenda imekwisha kumpa wimbo.

Welch anaongeza jambo la nne. Bendi isiyojulikana imekuja na gari lake kutoka jimbo la mbali, kiingilio dola mbili, bendi tano zinagawana usiku mmoja, na hela itakayopatikana haijazi hata nusu tangi ya mafuta. Hakuna mwandishi wa habari aliyekuja. Wanamuziki wenyewe wamechoka, wamevaa ovyo. Na msemaji, anayewatazama tu, anatamani angekuwa mmoja wao. Rais kauawa, meli imezama, nchi imegeuka vumbi, na vijana hawa wamekosa watu ukumbini. Kwa nini vikae pamoja? Sikiliza jinsi anavyoviimba: sauti haipandi kwa Lincoln wala haishuki kwa bendi. Vyote vinne vina uzito mmoja. Na hapo ndipo nilipoelewa anachokifanya. Historia ya taifa na aibu ya bendi moja zinaingia kwenye wimbo kwa mlango uleule: mtu alikuwepo, akatazama, akakumbuka. Wimbo wa watu haukuulizi ulizaliwa wapi. Unakuuliza uliona nini na unaweza kukibeba mpaka wapi.

"Ruination Day" inarudi kwenye matukio hayohayo, ila mahadhi yamebadilika, yamekuwa ya kunung'unika, ya bluzi, kama mtu aliyeamka usiku na habari zilezile bado zimo kichwani. Watunzi wengi wakirudia jambo huwa wamekosa la kusema. Hapa marudio ndiyo hoja. Aprili 14 hurudi kila mwaka.

Katikati ya nyimbo hizo mbili kuna "I Want to Sing That Rock and Roll" na "Elvis Presley Blues". Wa kwanza haukurekodiwa studio bali mbele ya watu, kwenye ukumbi wa Ryman, Nashville, jengo lililoanza kama nyumba ya ibada na baadaye likawa makao ya kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kwa miongo mitatu. Huko, mahali patakatifu pa kantri, Welch anaimba kwamba anatamani kuimba roki yenye umeme na kelele, na anaimba hivyo kwa magitaa mawili makavu. Watu wanacheka, wanapiga makofi. Mimi pia nilicheka. Wa pili unamkumbuka Elvis na siku aliyokufa, na kumweka ubavuni mwa John Henry, yule mtu mweusi wa hadithi aliyeshindana na mashine ya kutoboa miamba kwenye reli, akaishinda, akafa nyundo ikiwa mkononi. Uamuzi wa kuwaweka pamoja ni mzuri sana. Elvis, kijana mzungu aliyejifunza kutoka kwa Weusi, anapimwa kwa shujaa wa Weusi. Lawama ileile aliyotupiwa Welch, kwamba anaimba ya wengine, imekuwepo kwenye muziki wa Marekani tangu zamani, na ilikuwa na wenyewe wanaodai haki yao.

Na hapa nina dai langu. Albamu inalijua deni hilo, lakini inalilipa kwa senti. John Henry anaingia kwa ajili ya Elvis, halafu anatoka. Banjo, chombo ambacho asili yake ni vyombo vya Afrika Magharibi vilivyovuka bahari pamoja na watumwa, inapigwa hapa bila neno lolote kuhusu safari hiyo. Si kosa la kuifanya albamu iwe mbaya, ila ni mlango ambao wengine walikuja kuufungua. Ukimaliza hapa, mtafute Rhiannon Giddens na wenzake wa Carolina Chocolate Drops, hasa Genuine Negro Jig ya mwaka 2010, usikie banjo ikishikwa na watu wanaoweza kusema bila kuhojiwa kwamba wanacheza kwao.

Dai la pili ni dogo. Mwendo wa albamu ni mmoja karibu mwanzo hadi mwisho, na "Dear Someone", wimbo wa taratibu wa kama kubembelezea mtoto, unapita bila kuacha alama. Msikilizaji mwenye haraka atakata tamaa hapo, kabla hajafika kwenye "Red Clay Halo". Itakuwa hasara kwake. Huo ndio wimbo mchangamfu kuliko yote, na ni wa kijana wa shamba ambaye wasichana hawataki kucheza naye dansini kwa sababu udongo mwekundu umemganda mwilini hautoki. Aliyekulia Murang'a au Kisii hahitaji maelezo. Udongo unaopaka viatu vyeupe, unaopaka sketi ya shule, ambao mjini unakutambulisha kabla hujafungua mdomo. Mwishoni kijana huyo anawaza mbinguni, na hata huko taji lake la utakatifu litakuwa la udongo uleule. Anatania, lakini kauli yake ina kiburi ndani. Welch hakukulia kwenye udongo huo. Najua. Mimi ninayeujua udongo huo nimesikiliza kwa kutafuta kosa, na sikulipata.

Halafu kuna "Everything Is Free". Kumbuka ni 2001. Miaka miwili nyuma, mwaka 1999, Napster ilianza, na watu wakajifunza kuchukua muziki kwenye intaneti bila kulipa hata thumni. Wimbo unamwongelesha msanii aliyeambiwa kwamba kazi yake sasa ni ya bure. Hasemi kwa hasira. Anafikiri kwa sauti: anaweza kutafuta kazi ya kawaida, anaweza kukaa nyumbani na kujiimbia mwenyewe, na ninyi mkitaka wimbo, basi imbeni wenyewe. Mahadhi ni matamu, maneno ni mgomo. Tangu hapo wimbo huu umeimbwa na wasanii wengi wa kizazi cha baadaye, wakiwemo Phoebe Bridgers na Courtney Barnett, na si vigumu kuelewa kwa nini. Napster ile ilikufa, bei haikurudi. Na sisi tunaoandika kwenye blogu, na wewe unayesoma bure hivi sasa, tunaweza kuusikiliza tukiwa tumekaa pande zote mbili za meza.

Nauona wimbo huu kuwa jibu la pili kwa swali la kwanza. Mtu anayeigiza, akiondolewa malipo, huacha. Hana sababu ya kuendelea. Msemaji wa "Everything Is Free" anajua kwamba ataendelea kuimba hata bila kulipwa, na wale wanaochukua bure wanalijua hilo pia, ndiyo maana wanachukua. Hapo ndipo penye uchungu. Kinachothibitisha kwamba muziki ni wake ndicho kinachofanya aibiwe. Welch na Rawlings hawakuishia kulalamika: albamu hii waliitoa chini ya lebo yao wenyewe, Acony, na ndiyo iliyochapisha albamu zao zote zilizofuata, pamoja na Woodland ya mwaka 2024 iliyowapatia Grammy.

Imebaki "I Dream a Highway", wimbo wa mwisho, wa dakika karibu kumi na tano. Nyuzi chache zinazunguka taratibu, kiitikio kinarudi tena na tena, na beti zinapita kama vijiji vinavyoonekana dirishani mwa basi: Lazaro wa Biblia, jukwaa la Opry, mpenzi aliye mbali. Wapo watakaosema ni mrefu mno. Waliokesha kwenye taarabu, au waliosikia utenzi ukighaniwa mpaka mwisho, watajua la kufanya: acha kuhesabu. Baada ya dakika ya nane hivi unaacha kusubiri jambo litokee, na hapo wimbo ndipo unapoanza. Gitaa la Rawlings linapungua, linapungua, mpaka inakuwa noti moja na hewa.

Sasa, mcheza kwao ni nani? Methali haisemi aliyezaliwa kwao. Inasema mcheza. Wasichana wa Kapkatet hawakuwahi kuiona Mississippi, na bado walimchukua Chemirocha wakamfanya wao kwa sababu walimsikiliza hadi wakamhitaji. Sidhani Welch kafanya jambo tofauti. Tofauti ni kwamba yeye ana jina kwenye jalada na haki miliki, na hilo tusilisahau.

Kama hujawahi kumsikia, usianze kwa simu mkononi ukiwa unapika. Anza na "Revelator", kisha ruka moja kwa moja hadi "April the 14th", kisha "Everything Is Free". Zikikushika hizo tatu, rudi mwanzo usikilize zote kumi kwa mpangilio aliouweka mwenyewe, tena usiku, nyumba ikishatulia. Na ukiweza, inunue.